Kipa Aliyesajiliwa kwa Ghadhabu

Kata ya Mchikichini, ubavuni mwa Kariakoo, imezungukwa na kandanda pande zote, kwani hapo hapo penye soko la mitumba la Karume pana uwanja wa Karume na ofisi za Shirikisho la Mpira wa Miguu. Ukivuka kuelekea Kariakoo unakutana na mtaa wa Msimbazi na jengo la Simba. Na ukiteremka upande wa bonde unafika Jangwani, maskani ya Young Africans, klabu iliyoasisiwa mwaka 1935 na ambayo jina lake, kwa ulimi wa watu wa mjini, limekuwa Yanga tu. Kwa hiyo habari yoyote ya usajili, iwe ya kweli au ya uzushi, huwafikia wenye vibanda vya Mchikichini kabla haijakauka wino, na hujadiliwa hapo kwa bidii ambayo sehemu nyingine watu huiweka kwa mirathi na mahari. Miongoni mwa habari hizo zote za miaka ya karibuni, sijaona iliyostahili kuandikwa kwa tuo kuliko ile ya mwaka 2013, Yanga ilipomchagua Juma Kaseja awe mlinda mlango wake, kwa kuwa ndani yake mna mambo mengi juu ya namna jamaa kubwa ya watu inavyofanya uamuzi ikiwa imeumia moyo.

Chanzo chake ni alasiri ya tarehe 20 Oktoba 2013, katika Uwanja wa Taifa, ambao leo huitwa kwa jina la Benjamin Mkapa. Yanga waliingia wakiwa mabingwa, kombe la msimu wa 2012/13 likiwa kabatini mwao, na Mholanzi Ernie Brandts akiwa kocha wao. Simba waliingia wakiwa timu ya tatu ya msimu ule uliopita, wakiongozwa na Abdallah Kibadeni, ambaye mwaka 1977, alipokuwa angali mchezaji, aliifunga Yanga mabao matatu peke yake katika ile sita bila ambayo wazee wa Msimbazi hawachoki kuihadithia. Hadi mapumziko Yanga walikuwa wameongoza kwa mabao matatu, moja la Mrisho Ngassa na mawili ya Hamis Kiiza, na wako mashabiki wa Simba waliosimama wakaondoka, wakihofia kwamba kisasi cha zile tano bila walizoifunga Yanga Mei 2012 kilikuwa kinalipwa mbele ya macho yao. Kipindi cha pili kilipoanza mambo yakapinduka. Betram Mwombeki akafunga la kwanza, Joseph Owino akafuatia muda si muda, na mchezo ulipokaribia mwisho Gilbert Kaze akachomoa la tatu. Mpira ukaisha sare, tatu kwa tatu, na hapana aliyeiita sare: Simba waliimba kama washindi, na Yanga walitoka uwanjani kama watu waliotoka kuzika.

Ni hapa ndipo penye shina la jambo lenyewe. Langoni kwa Yanga siku hiyo alikuwa Ally Mustafa, aliyejulikana zaidi kwa jina la Barthez, na kwa kuwa mlinda mlango ndiye anayeonekana akiuokota mpira nyavuni, lawama zote zikamwangukia yeye. Walakini mwenye kuyatafakari mabao yale kwa utulivu angaliona jambo jingine. Owino ni beki. Kaze naye ni beki. Na mabeki wawili wa timu pinzani wakipanda mbele wakafunga katika kipindi kimoja, maana yake ni kwamba wapo watu waliopewa dhima ya kuwakaba nao hawakuwakaba, na kwamba wa kati hawakuwa wakirudi, na kwamba timu nzima ilidhani kazi imekwisha tangu mapumziko. Hayo ni maradhi ya watu kumi na mmoja pamoja na benchi lao. Lakini maradhi ya watu kumi na mmoja hayatibiki kwa siku moja, na watu waliofedheheka hutaka dawa ya siku moja. Na dawa ya namna hiyo, kwa desturi ya klabu zetu, ni kumtaja mtu wa kutoka na mtu wa kuingia.

Mtu wa kuingia alikuwapo, tena hana klabu. Juma Kaseja hakuwa kipa wa kubahatisha. Mwaka 2003, akiwa kijana tu, ndiye aliyesimama langoni kwa Simba pale Cairo, Wekundu wa Msimbazi walipowang'oa Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika kwa wakati ule, kwa mikwaju ya penalti, baada ya kila upande kushinda moja bila nyumbani kwake. Tangu siku hiyo jina lake liliingia katika vinywa vya watoto wa Kariakoo, na kila aliyesimama baina ya mawe mawili au ndala mbili katika uchochoro alijiita Kaseja. Mwaka 2008 alihamia Yanga kwa msimu mmoja, kisha akarejea Msimbazi mwaka uliofuata, akawa nahodha, na mwaka 2012, katika zile tano bila, yeye kipa alitoka langoni kwake akaenda kupiga penalti upande wa pili na kuifunga Yanga. Jambo hilo la kipa kuwafunga halikusahaulika Jangwani, nami naamini kwamba lilichangia hamu ya kumpata kuliko walivyokiri viongozi wenyewe.

Yapo na mengine ya kumjua mtu huyu. Kuanzia mwaka 2006, alipokuja Mbrazili Marcio Maximo kuifundisha Taifa Stars, Kaseja alijikuta nje ya kikosi cha taifa, na miongoni mwa waliopewa nafasi yake alikuwa Ivo Mapunda, kipa wa Yanga kwa wakati huo. Magazeti yaliandika, mashabiki walipaza sauti, wenye vijiwe waligawanyika nusu kwa nusu, na Maximo hakurudi nyuma. Aliipeleka timu katika fainali za kwanza za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kule Ivory Coast mwaka 2009 bila ya kubadili shauri lake. Kwa hiyo Kaseja alikwisha kuujua uchungu wa kutochaguliwa miaka mingi kabla ya kuujua uchungu wa kuchaguliwa. Kisha msimu wa 2012/13 ulipokwisha, Simba ikiwa imemaliza ya tatu nyuma ya Yanga na Azam, uongozi wa Msimbazi haukumwongezea mkataba, na nahodha wa miaka yote hiyo akaondoka pasipo hafla wala shukurani iliyolingana na utumishi wake. Msimbazi nao, kwa hiyo, walikuwa wamemtoa mtu mmoja kwa makosa ya wengi. Na Jangwani waliokuja kumchukua walikuwa wanakunywea kikombe kile kile.

Novemba 2013 Yanga wakatangaza kwamba wamemsajili kwa miaka miwili. Katika soko la Karume, ambako jezi za njano na kijani na jezi nyekundu hutundikwa kamba moja kwa kuwa mwuzaji hana ugomvi na fedha ya mtu, furaha ya upande mmoja ilikuwa na ukali ndani yake: watu hawakusema sana kwamba tumepata kipa, walisema kwamba tumewachukulia mtu wao. Furaha ya namna hii ni dalili. Klabu ikimsajili mchezaji kwa sababu inamhitaji, mazungumzo huwa juu ya kazi yake, na ikimsajili kwa kumkomoa mtani, mazungumzo huwa juu ya uso wa mtani. Wala hapakuwa na wengi waliouliza maswali ambayo mwalimu yeyote wa makipa angaliuliza kabla ya kalamu kugusa karatasi, kwamba mtu huyu hajaichezea klabu yoyote mchezo wa ushindani tangu Mei, je, mwili na macho yake yamo katika hali gani. Kwamba mabeki wa Yanga hawajazoea sauti yake, je, watapata majuma mangapi ya kufanya mazoezi pamoja. Kwamba Barthez, aliyekuwa msaidizi wake Msimbazi kabla ya kuhamia Yanga, sasa anarudishwa nyuma ya mtu yule yule, je, ataishi vipi kambini. Na kwamba yuko kipa wa tatu, Deogratius Munishi, waliyemwita Dida, aliyetoka Azam mwaka ule ule, je, amekwisha kujaribiwa akaonekana hafai?

Dirisha dogo la usajili halikwisha kabla Yanga hawajamwongeza Emmanuel Okwi wa Uganda, ambaye ndiye aliyewapachika mabao mawili katika zile tano. Huko nako Simba hawakukaa bure. Walimwachisha kazi Kibadeni, wakamwajiri Mkroatia Zdravko Logarusic, na langoni wakamleta mtu aliyetoka kuchukua ubingwa wa Kenya na Gor Mahia. Na mtu huyo, kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, alikuwa Ivo Mapunda. Hivyo basi kipa wa zamani wa Simba akawa Yanga, kipa wa zamani wa Yanga akawa Simba, na wote wawili walikuwa wale wale waliokuwa wakishindanishwa na nchi nzima wakati wa Maximo.

Walikutana tarehe 21 Desemba 2013, katika mchezo wa kirafiki ulioitwa Nani Mtani Jembe. Kirafiki ni neno la kwenye tiketi. Baina ya Simba na Yanga haujapata kuchezwa mchezo wa kirafiki tangu mizizi ya michikichi iliyolipa jina eneo letu ilipokuwa ingali ardhini, na siku hiyo mashabiki walikwenda uwanjani kumtazama mtu mmoja. Amissi Tambwe wa Burundi akaifungia Simba la kwanza, akaongeza la pili kwa mkwaju wa penalti. Mtu aweza kufungwa penalti na asilaumiwe. Ila la tatu, katika kipindi cha pili, ndilo lililobaki katika kumbukumbu za watu: mpira ukiwa miguuni mwa Kaseja mwenyewe, hapana hatari yoyote isiyoweza kuondolewa kwa shuti moja la kwenda mbele, naye akakawia, akitafuta njia ya kuuchezea, na Awadh Juma, aliyekuwa akimjia mbio, akamnyang'anya akausukumia katika lango tupu. Okwi aliipatia Yanga bao la kufutia machozi mchezo ukielekea ukingoni. Tatu kwa moja. Idadi ya mabao yaliyoingia langoni mwa Yanga ilikuwa ile ile ya Oktoba, ingawa kipa alikuwa mwingine.

Nataka msomaji alisimamie jambo hilo kidogo. Lau maradhi yangalikuwa Barthez, basi kuondoka kwa Barthez kungaliyaondoa. Mabao matatu ya Oktoba na matatu ya Desemba yaliingia kwa makipa wawili tofauti katika timu ile ile, yenye mabeki wale wale na ulegevu ule ule katika dakika zile ambazo timu hujiona salama. Na hata lile kosa la Kaseja la kukawia na mpira linaweza kusomwa kama kosa la kipa asiyejua bado ni beki gani atamjia kumsaidia na kutoka upande gani. Simsafishi. Mkongwe wa miaka zaidi ya kumi hakustahili kufanya vile, naye bila shaka alilijua hilo kuliko yeyote. Nasema tu kwamba waliomsajili walimpa kazi ya kuponya aibu, ambayo si kazi ya kipa, na hawakumpa muda wala maandalizi ya ile kazi ya kipa.

Hukumu haikuchelewa. Mwaka haujaisha, Brandts, aliyewapa ubingwa miezi michache nyuma, akaonyeshwa mlango, na mahali pake akaja Mholanzi mwenzake, Hans van der Pluijm. Machi 2014 Yanga walikutana na Al Ahly ya Misri katika Ligi ya Mabingwa Afrika, wakawafunga moja bila hapa Dar es Salaam kwa bao la nahodha Nadir Haroub, wakafungwa moja bila kule Alexandria, na wakatolewa kwa penalti baada ya kuwatia jasho mabingwa hao wa bara zima. Aliyekuwa langoni ni Dida, yule wa tatu, ambaye Novemba hapana aliyemtaja. Na ubingwa wa Tanzania mwaka ule ulikwenda Azam, kwa mara yao ya kwanza, tena bila ya kupoteza mchezo hata mmoja, nao hawakuwa na mtani wa kumkomoa, wakasajili kwa kadiri ya mahitaji yao.

Jambo la kumchagua mtu mmoja ukamtwika matumaini ya wote halikuzaliwa Jangwani. Wamarekani, katika ule mpira wao unaochezwa zaidi kwa mikono, wana mchezaji wamwitaye kwotabeki, ambaye karibu kila shambulizi huanzia kwake, na kila mwaka timu zao huketi kuchagua vijana waliotoka vyuoni kwa zamu. Mwaka 1998 Indianapolis, wenye zamu ya kwanza, walimchukua Peyton Manning. San Diego, waliokwisha kutoa wachezaji na zamu nyingine ili kuipata zamu ya pili, wakamchukua Ryan Leaf. Manning akaja kutwaa ubingwa mara mbili, na kufika mwaka 2001 San Diego walikwisha kumwacha Leaf, na jina lake mpaka leo hutajwa huko kila wanapotaka mfano wa uchaguzi uliokwenda upogo. Lakini San Diego walikosea katika kumpima mtu ambaye alikuwa hajajaribiwa, na hilo ni kosa ambalo binadamu hana kinga nalo. Yanga walimchukua mtu aliyejaribiwa Cairo na kila mahali. Kosa lao lilikuwa katika kulipima jeraha lao wenyewe, na kosa la namna hiyo ni la mtu kujitakia.

Yaliyofuata yana ukatili wake. Katikati ya mwaka 2014 Yanga walimleta kocha mpya, na kocha huyo alikuwa Marcio Maximo. Kaseja, aliyekuwa angali na mkataba Jangwani, akamwona yule aliyemfungia mlango wa timu ya taifa akiingia kuwa bwana wake. Mwaka haukufika mwisho, Kaseja na Yanga wakaachana, na kuachana kwenyewe hakukuwa kwa heri. Tarehe 13 Desemba 2014 ukachezwa Mtani Jembe wa pili, Simba wakashinda mbili bila, na mfungaji mmojawapo akawa tena Awadh Juma. Maximo naye akafutwa kazi, na Pluijm akarudishwa. Ndani ya muda usiotimia miezi kumi na mitano tangu ile sare ya Oktoba, Yanga walikuwa wamebadili makocha mara tatu na kuhamisha lawama kutoka kipa hadi kipa.

Na wasije Wanamsimbazi wakajiona salama katika habari hizi, kwani Desemba hiyo hiyo walifanya lao, tena lililo zito zaidi kwa hesabu. Tambwe, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2013/14, aliachwa na Simba ili ipatikane nafasi ya mshambuliaji wa kigeni mwingine, Danny Sserunkuma, aliyekuwa akivuma Kenya na Gor Mahia. Yanga wakamwokota Tambwe siku zile zile. Sserunkuma hakukaa msimu mzima. Tambwe akachukua ubingwa mara tatu mfululizo akiwa na jezi ya njano, na msimu wa 2015/16 akawa mfungaji bora tena, kwa mabao 21. Simba, waliokuwa na kombe lao la mwisho la ligi la 2012, hawakuliona tena hadi 2018. Nimesikia Mchikichini watu wakibishana ni uchaguzi upi ulioharibika zaidi, wa Kaseja au wa Tambwe, nami jawabu langu ni kwamba wa Tambwe uligharimu makombe na wa Kaseja uligharimu mtu, na kwangu la pili ni kubwa.

Kwani kwa miaka kadhaa baada ya hapo jina la Kaseja lilitajwa kama la aliyekwisha. Alikwenda Mbeya City, akaenda Kagera Sugar, timu za mikoani ambako hakuna kamera nyingi na safari ni za basi usiku kucha, akaendelea kudaka. Mwaka 2018 akarudi Dar es Salaam kuichezea KMC, klabu ya Manispaa ya Kinondoni, ambayo msimu huo ilifundishwa na Mrundi Etienne Ndayiragije. Kocha huyu alimtazama mazoezini asubuhi baada ya asubuhi kwa msimu mzima, akazijua nguvu zake na akazijua kasoro zake. Na mwaka 2019, alipokabidhiwa Taifa Stars baada ya Emmanuel Amunike kuondoka, alimwita Kaseja, watu wakashangaa, wengine wakakasirika.

Tarehe 4 Agosti 2019, kule Nairobi, baada ya sare mbili za bila kufungana na Kenya katika kuwania CHAN, mambo yaliamuliwa kwa penalti. Kaseja akapangua, na Tanzania ikashinda nne kwa moja. Mwezi uliofuata ikaja zamu ya Burundi katika mchujo wa awali wa Kombe la Dunia, sare ya moja kwa moja kule Bujumbura na sare nyingine ya moja kwa moja hapa, tarehe 8 Septemba, katika uwanja ule ule ambao Awadh Juma alimnyang'anya mpira miaka sita nyuma. Penalti tena. Watanzania walipata tatu. Warundi walipiga tatu mbele ya Kaseja, na hapana hata moja iliyoingia. Mabeki waliokuwa mbele yake jioni hiyo walitoka Simba, Yanga na kwingineko, na walipomkimbilia mwishoni hapakuwa na aliyekuwa akimkomoa mtu.